Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuandika na Kupima Malengo ya Kujifunza katika Uzamili wa Usimamizi wa Uhandisi

Mwongozo huu ni wa waratibu wa programu na wahadhiri wanaofundisha uzamili wa usimamizi wa uhandisi, hasa wale wa Nairobi ambao wanafunzi wao hutoka kazini jioni na kuingia darasani wakiwa bado na vumbi la mjengo au harufu ya karakana. Kazi yenyewe inajulikana, na watu hukwama palepale kila mwaka. Malengo huandikwa kwa vitenzi visivyoonekana kwa macho, kama vile kuelewa na kufahamu. Wastani wa alama za kozi huwasilishwa kuwa ushahidi kwamba malengo hayo yametimia. Hatimaye ripoti hutiwa sahihi na kuwekwa kabatini, na darasani hakuna kinachobadilika.

Kosa la katikati ndilo baya kuliko mengine, kwa sababu lina sura ya tathmini. Lina takwimu, lina majedwali, na kamati hulipitisha bila swali. Sehemu kubwa ya hatua zinazofuata ni za kuliondoa hilo.

## Vitu unavyohitaji kabla ya kuanza

Kusanya haya kwanza, maana mkutano ukianza bila haya utageuka kuwa mjadala wa maneno matupu.

- Waraka wa programu kama ulivyopitishwa na Seneti ya chuo na kuidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Tumia nakala iliyoidhinishwa. Zile zinazozunguka kwenye barua pepe za idara mara nyingi ni rasimu.
- Maelezo ya kiwango cha 9 katika Mfumo wa Kitaifa wa Sifa, ambao una viwango 10 na unaweka uzamili chini kidogo ya uzamifu.
- Silabasi za kozi zote, pamoja na karatasi za mitihani na miongozo ya kusahihisha ya miaka miwili iliyopita.
- Ripoti za watahini wa nje. Wahadhiri wengi hawajawahi kuzisoma, ilhali ndimo malalamiko yaleyale hurudiwa mwaka baada ya mwaka.
- Kazi halisi za wanafunzi zipatazo kumi na mbili, zilizofutwa majina: zilizo bora, za wastani na dhaifu.
- Watu watano au sita: wahadhiri watatu, mhitimu mmoja aliye kazini, na mwajiri mmoja au wawili ambao wenyewe ni wahandisi.
- Lahajedwali ya kawaida. Programu ghali ya tathmini haihitajiki kwa darasa la watu ishirini.

Kazi za wanafunzi ndizo muhimu kuliko vyote hivyo. Anayeandika malengo bila kuwa na kazi za wanafunzi mezani huandika matamanio.

## Hatua ya 1: Anza na mhitimu, kisha urudi nyuma hadi kwenye kozi

Kosa la kawaida ni kuchukua orodha ya kozi na kuandikia kila kozi lengo lake. Matokeo yake ni malengo kumi na nne yanayofanana na majina ya kozi, na hakuna hata moja linalosema mhitimu ni mtu wa namna gani.

Waulize waajiri swali moja lenye mipaka: "Mhandisi wako mwenye shahada hii alifanya uamuzi gani mwaka huu ambao mwenzake asiye nayo asingeweza kuufanya?" Usiwaulize ni ujuzi upi wanautaka, kwa sababu watakujibu mawasiliano na uongozi, kisha utabaki pale ulipokuwa. Swali la uamuzi huleta visa. Mmoja atazungumzia kuchagua kati ya kukarabati boila na kununua mpya. Mwingine atazungumzia zabuni iliyobidi ikataliwe ingawa bei yake ilikuwa ya chini.

Hapa pana jambo la kupambanua mapema. Usajili wa mhandisi chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011 hutegemea shahada ya kwanza ya uhandisi na uzoefu wa kazi. Uzamili wa usimamizi haumsajili mtu. Kwa hiyo lengo linalosema mhitimu "atakokotoa mizigo kwenye boriti" halina nafasi humu, hata kama mhadhiri anayelipenda ni mkuu wa idara. Mwanafunzi wako alikwisha kukokotoa boriti. Sasa anatakiwa kuamua kama boriti hiyo ijengwe mwaka huu au mwakani, kwa fedha za nani, na nani atawajibika ikichelewa.

Hatua hii imekamilika ukiwa na ukurasa mmoja wa maamuzi ambayo mhitimu hufanya kazini, yaliyoandikwa kwa maneno ya waajiri wenyewe, kabla hata ya neno "lengo" kutumika.

## Hatua ya 2: Andika malengo machache, kisha uyavunje kuwa matokeo yanayoonekana

Panga maamuzi uliyoyakusanya katika mafungu manne hadi sita. Katika programu nyingi za fani hii mafungu hujitokeza yenyewe: maamuzi ya fedha na uchumi wa uhandisi, mipango, ratiba na hatari, uongozi wa watu na timu, matumizi ya data katika uendeshaji, maadili, sheria na usalama, na mawasiliano na wasio wahandisi. Kila fungu ni lengo moja la programu. Lengo linaruhusiwa kuwa pana.

Chini ya kila lengo andika matokeo ya kujifunza mawili au matatu, na hayo hayaruhusiwi kuwa mapana. Kila tokeo liwe na sehemu tatu: mazingira ambamo mwanafunzi anafanya kazi, kitenzi kinachoacha alama inayoonekana, na kitu kinachofanyiwa kazi.

Tazama sentensi hii, ambayo hupatikana karibu katika kila waraka: "Mwanafunzi ataelewa kanuni za usimamizi wa miradi." Huwezi kumwona mtu akielewa. Sasa tazama hii: "Akipewa taarifa za mradi wa uhandisi uliochelewa, mwanafunzi atapendekeza njia moja ya kuunusuru na kuitetea kwa gharama, muda na hatari." Kuna kitu atakachokabidhi, na watu wawili wanaweza kukisoma na kukihukumu.

Kwa vitenzi, ngazi za kufikiri za mtaalamu wa elimu Benjamin Bloom za 1956, zilizofanyiwa marekebisho 2001, bado zinafaa: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kubuni. Katika uzamili matokeo mengi yawe katika ngazi tatu za juu. Hata hivyo, kitenzi kikubwa peke yake hakiipandishi kazi ngazi. Ukiandika "atatathmini" na mtihani ukauliza "taja faida nne", bado umepima kumbukumbu.

Onyo la kwanza. Usifunge vitenzi viwili vya mambo tofauti katika tokeo moja. "Atachambua data na kuongoza timu" haliwezi kupimwa, kwa sababu mwanafunzi anaweza kuwa hodari wa la kwanza na mbovu wa la pili, na alama itakayopatikana haitamhusu yeyote.

Onyo la pili. Matokeo yakizidi kumi na tano kwa programu nzima, punguza. Nimeona nyaraka zenye matokeo arobaini, na sijaona hata moja ambapo arobaini hayo yalipimwa.

Jaribio la kufaulu hapa ni jepesi. Mpe mhadhiri wa idara nyingine tokeo lako na kazi moja ya mwanafunzi, umwulize kama kazi hiyo inalionyesha. Akikuuliza "una maana gani?", rudi ukaandike upya.

## Hatua ya 3: Chora ramani ya kozi na matokeo

Katika lahajedwali, weka kozi kwenye safu mlalo na matokeo kwenye safu wima. Kila panapokutana, andika T pale tokeo linapotangulizwa, K pale linapokuzwa, na P pale linapopimwa kwa ajili ya programu. Penye utupu acha utupu.

Ramani hii huonyesha mambo mawili ambayo waraka wa programu huyaficha. La kwanza ni tokeo lisilo na mahali pa kukuzwa, yaani linatangulizwa katika muhula wa kwanza na kupimwa katika mradi wa mwisho bila mazoezi yoyote katikati. Maadili ndiyo huangukia hapo mara nyingi: mhadhara mmoja mwanzoni, kisha kimya. La pili ni kozi isiyogusa tokeo lolote, na hapo pana mazungumzo magumu yanayohitaji uvumilivu na chai.

Jihadhari na ramani iliyojaa. Kila mhadhiri ataona fahari kudai kwamba kozi yake inafundisha kila kitu. Mwombe aonyeshe zoezi analotumia. Asipokuwa nalo, herufi ifutwe.

Kila tokeo liwe na P moja au mbili, zisizidi. P ziwe karibu na mwisho wa masomo, kwa sababu unataka kujua mwanafunzi ameondoka na nini.

## Hatua ya 4: Chagua au tunga kazi ya kupimia

Hatua hii inabeba uzito kuliko zote, kwa hiyo ipe muda. Ushahidi uko wa namna mbili. Ushahidi wa moja kwa moja ni kazi ya mwanafunzi yenyewe: ripoti, hesabu, utetezi wa mdomo, mradi. Ushahidi usio wa moja kwa moja ni maoni: hojaji za wanafunzi, mahojiano na wahitimu, kauli za waajiri. Wa pili husaidia kueleza wa kwanza, lakini hauwezi kuchukua nafasi yake. Mwanafunzi kusema amejifunza sana ni jambo la kupendeza, na halithibitishi lolote.

Tuchukue lile tokeo la mradi uliochelewa. Swali la mtihani lililozoeleka ni hili: "Eleza sababu tano za kuchelewa kwa miradi ya uhandisi nchini Kenya." Mwanafunzi aliyekariri madokezo ya mwaka jana atapata alama zote bila kufanya uamuzi hata mmoja.

Weka badala yake kisa chenye meno. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari 2017, lakini laini ya kupeleka umeme huo hadi Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ilikamilika 2018. Mitambo ikasimama upepo ukipita. Kisa hiki ni hazina kwa fani yetu, kwa kuwa kosa halikuwa la kiufundi ndani ya mradi mmoja. Lilikuwa pale miradi miwili yenye wamiliki tofauti ilipokutana.

Kazi ya kupimia inaweza kuwa hivi: "Ni mwanzoni mwa 2016. Wewe ni meneja wa upande wa mitambo, na una dalili kwamba laini haitakamilika kwa wakati. Unaweza kuendelea na usimikaji kama ulivyopangwa, kupunguza kasi, au kufungua mazungumzo ya kubadili tarehe za mkataba. Ukitumia takwimu za zoezi zilizoambatishwa, andika kurasa mbili kwa bodi isiyo na wahandisi. Pendekeza njia moja, na useme ni taarifa gani ikipatikana ingekufanya ubadili pendekezo lako." Takwimu za gharama zitungwe na mhadhiri na zitajwe wazi kuwa ni za zoezi, ili mwanafunzi asizibebe kwenda kuzinukuu mahali pengine kama ukweli.

Sentensi ya mwisho ya swali hilo ndiyo hutenganisha wanafunzi. Anayejua kufanya uamuzi anajua pia uamuzi huo umesimama juu ya nini.

### Wanafunzi walio kazini

Wengi wenu mna mhandisi wa maji, meneja wa kiwanda cha Eneo la Viwanda na msimamizi wa barabara katika darasa moja. Waruhusuni watumie matatizo ya kazini kwao, maana hapo ndipo uchambuzi unapokuwa na uhai. Ila wekeni masharti mapema. Mwajiri atoe idhini ya maandishi, majina na bei za siri zibadilishwe, na mwanafunzi ambaye kampuni yake imekataa apewe kisa mbadala chenye ugumu uleule. Mambo haya yakiachwa hadi wiki ya kumi, mwanafunzi hulazimika kuchagua kati ya kazi yake na shahada yake.

### Kazi za kikundi

Usipime uongozi wa timu kwa alama ya ripoti ya kikundi. Ripoti nzuri ya watu watano mara nyingi imeandikwa na mmoja usiku wa manane, huku mwingine akituma "nakubaliana" kwenye WhatsApp akiwa amekwama kwenye msongamano wa Mombasa Road. Ongeza vitu viwili vya mtu binafsi: ukurasa mmoja ambamo kila mwanafunzi anaeleza mgongano mmoja uliotokea kikundini na alichofanya kuuhusu, na maswali ya ana kwa ana ya dakika chache juu ya sehemu ambayo hakuiandika yeye. Ukurasa huo pekee hueleza mengi. Anayeandika kwamba kikundi hakikuwa na mgongano wowote ama hakuwapo, ama hakutazama.

### Maandishi ya akili unde

Programu za akili unde huandika ripoti laini kuhusu usimamizi wa hatari kuliko mwanafunzi aliyechoka. Kupiga marufuku hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kazi inayotegemea data mliyotoa nyinyi, ikifuatwa na utetezi wa mdomo ambapo mhadhiri anabadilisha takwimu moja na kuuliza pendekezo linakuwaje. Aliyefanya kazi hiyo mwenyewe atafikiri hapo hapo, hata akijikwaa.

## Hatua ya 5: Tengeneza jedwali la vigezo

Alama 14 kwa 20 haisemi mwanafunzi ameweza nini. Jedwali la vigezo husema. Tumia viwango vinne, na kwa majina usihangaike, kwa kuwa mtaala wa umilisi wa shule zetu umekwisha kuyatoa na kila mzazi anayajua: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Viwango vinne vina faida nyingine, kwamba havina katikati ya kujifichia.

Chagua vigezo vitatu hadi vitano kwa kila kazi. Kwa kila kigezo eleza kinachoonekana kwenye karatasi, na uepuke maneno kama "vizuri sana" na "kwa kina", kwa sababu kila msahihishaji huyapima kwa mizani yake. Huu ni mfano wa kigezo kimoja, kushughulikia hatari za ratiba na gharama:

- Kuzidisha matarajio: Kila hatari kuu imefungwa kwenye shughuli na tarehe yake, athari imekadiriwa kwa siku na kwa shilingi, imeonyeshwa jinsi hatari mbili zinavyoweza kuungana, na imetajwa dalili itakayoamuru hatua kuchukuliwa.
- Kufikia matarajio: Hatari zimefungwa kwenye shughuli na tarehe, athari imekadiriwa, na kila moja ina hatua na mtu wa kuitekeleza.
- Kukaribia matarajio: Hatari ni za mradi huu hasa, lakini hazina tarehe, au hazina makadirio.
- Mbali na matarajio: Orodha ya jumla inayoweza kubandikwa kwenye mradi wowote.

Lijaribu jedwali hilo kwa kazi halisi. Mwanafunzi aliyeandika "mvua" peke yake yuko mbali. Aliyeandika "mvua kubwa zinaweza kuathiri uchimbaji wa msingi" anakaribia. Aliyeandika kwamba uchimbaji umepangwa Aprili, katikati ya masika, kwamba siku kumi zinaweza kupotea, na kwamba msimamizi wa eneo ataleta pampu kabla ya Machi kwisha, amefikia. Akiongeza kwamba siku hizo kumi zitasukuma malipo ya vipuri vinavyonunuliwa kwa dola, na kwamba shilingi iliyokuwa karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024 ilirudi karibu 130 kabla ya katikati ya mwaka huohuo, hivyo bajeti inahitaji nafasi ya kupumua pande zote mbili, amezidisha.

Wape wanafunzi jedwali hili pamoja na kazi, siku ileile. Wapo wahadhiri wanaoogopa kwamba litawapa majibu. Jedwali lililoandikwa sawasawa halina jibu ndani yake. Lina maelezo ya kazi nzuri, na mtu akiyafuata hadi mwisho atakuwa ameifanya.

## Hatua ya 6: Walinganisheni wasahihishaji kabla ya kusahihisha

Chukueni kazi tatu kati ya zile kumi na mbili za zamani. Kila msahihishaji apange viwango peke yake, kimya, kisha mfungue karatasi pamoja. Panapotofautiana, msomeane sentensi za mwanafunzi zilizowapeleka kwenye kiwango mlichochagua. Mara nyingi mtagundua kwamba tofauti imetoka kwenye jedwali lenyewe, na hapo ndipo pa kulirekebisha. Endeleeni na zilizobaki.

Kiwango cha kuridhisha kwa idara ndogo ni wasahihishaji wawili kukubaliana katika angalau kazi tisa kati ya kumi na mbili, na zile tatu zilizobaki zipishane kwa ngazi moja tu. Kipimo cha kappa, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa makubaliano yanayotokea kwa bahati, na ni kizuri mkiwa na kazi nyingi. Kwa kazi kumi na mbili hutikiswa na kazi moja au mbili tu, kwa hiyo msiipambe ripoti kwa kappa ya darasa dogo.

Onyo: mwalimu wa kozi asiwe msahihishaji pekee wa kazi inayopima programu. Yeye anamjua mwanafunzi, anajua mgonjwa nani na aliyefiwa nani, na huruma hiyo ni haki kwenye alama ya kozi lakini huchafua kipimo cha programu.

## Hatua ya 7: Kusanya matokeo na uyasome kwa kigezo

Hapa ndipo lile kosa la wastani huingia, kwa hiyo tutumie mfano wa kubuni. Darasa lina wanafunzi 18 na wastani wa kozi ni 64, juu ya 50 inayohesabiwa kuwa kufaulu katika vyuo vingi. Ripoti ya kawaida ingeandika kwamba lengo limetimia. Fungua jedwali la vigezo: kwenye hesabu za gharama, wanafunzi 16 wamefikia matarajio au kuyazidisha, kwenye kuandaa ratiba, 14, kwenye kutetea uamuzi mbele ya wasio wahandisi, 7 tu. Wastani wa 64 uliyafunika haya yote. Aidha, ndani ya 64 hiyo mna alama za mahudhurio, za mtihani wa katikati ya muhula na za kuwahi kukabidhi, ambazo hazihusiani na tokeo hata kidogo.

Wekeni kizingiti kabla ya kusahihisha, kwa mfano kwamba wanafunzi watatu kati ya kila wanne wafikie matarajio katika kila kigezo. Kizingiti kinachowekwa baada ya matokeo kuonekana hushuka chenyewe hadi pale matokeo yalipo.

Darasa likiwa na watu chini ya kumi, msitangaze asilimia kwa mwaka mmoja. Mtu mmoja kati ya wanane ni asilimia 12.5, na kushindwa kwake kunaweza kuwa habari ya mtu mmoja tu. Unganisheni miaka miwili au mitatu, mradi kazi na jedwali havikubadilika katikati.

Majina yafutwe kabla ya takwimu kuondoka kwa mhadhiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavihusu vyuo kama inavyozihusu benki, na lahajedwali yenye majina na alama ikizunguka kwa barua pepe ni kesi inayosubiri mlalamikaji.

## Hatua ya 8: Fanyeni uamuzi mmoja na mrudi kuupima

Ripoti iwe ya kurasa mbili. Iandike mlichokuta, maelezo mnayoyaona kuwa ya kweli zaidi, mtakachobadilisha, nani atakibadilisha, kuanzia muhula gani, na kitapimwa tena lini. Ripoti isiyo na jina la mtu kwenye sehemu ya "nani" haitatekelezwa. "Idara itashughulikia" maana yake ni hakuna.

Tukirudi kwa wale 7 kati ya 18, jaribu la kwanza ni kupendekeza kozi mpya ya mawasiliano. Likataeni. Kozi mpya hupita idara, kitivo na Seneti, na kundi lenu la sasa litakuwa limekwisha kuhitimu. Angalieni ramani ya hatua ya 3: huenda kutetea uamuzi hakukuzwi mahali popote kati ya kutangulizwa na kupimwa. Ongezeni zoezi la dakika tano katika kozi mbili zilizopo, ambapo mwanafunzi anatetea pendekezo lake mbele ya mhasibu au mwanasheria wa chuo, ambaye ameombwa aulize maswali ya mtu asiyejua uhandisi. Mabadiliko ya zoezi ndani ya silabasi iliyopo kwa kawaida huamuliwa na idara yenyewe.

Badilisheni jambo moja au mawili kwa wakati. Mkibadilisha kazi, jedwali, mhadhiri na saa za darasa katika muhula mmoja, matokeo yakipanda hamtajua kilichoyapandisha.

Msipime matokeo yote kila mwaka. Kwa matokeo kumi na mawili, pimeni manne kila mwaka na mzunguko utakamilika katika miaka mitatu, isipokuwa lile lililoshindwa, ambalo hupimwa tena mwaka unaofuata bila kusubiri zamu yake.

Mwisho, fungueni jalada moja kwa kila mwaka, la karatasi au la mtandaoni, lenye kazi iliyotolewa, jedwali la vigezo, sampuli mbili za kazi za wanafunzi kutoka kila kiwango, lahajedwali isiyo na majina, kumbukumbu za kikao kilichoamua, na ushahidi kwamba uamuzi ulitekelezwa, kwa mfano silabasi ya muhula uliofuata. Wakaguzi wa Tume wakija, hilo ndilo mtakalowakabidhi. Akija mratibu mpya kabla yao, kazi yake ya siku ya kwanza iwe kusoma majalada ya miaka miwili iliyopita na kuuliza ni uamuzi upi bado haujatekelezwa.